Kufuli Mbili za Nyakatoma

Jumapili, 26 Februari 1995

Nimefika. Basi limenishusha Omurushaka saa nane mchana, mgongo hauna habari na mimi, na kitu cha kwanza kunikaribisha nyumbani ni maiti. Mwanamume, kalazwa kando ya barabara, kafunikwa kanga ya mtu hadi magotini, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Watu wanapita na mikungu yao ya ndizi. Nikamuuliza mama muuza karanga huyu ni nani. "Jambazi," akasema, akaanza kunipimia karanga. Kafa lini? "Asubuhi. Nikuwekee za mia au za hamsini?"

Kaka yangu Projest alinipokea na baiskeli. Ni mwenyekiti wa kitongoji chetu cha Nyakatoma, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Omurushaka kuelekea Igurwa, na alipigana vita vya Kagera mwaka wa sabini na tisa, jambo ambalo hakuachii ulisahau hata kwa siku moja. Njiani akanipa habari. Tangu wakimbizi wavuke mto mwaka jana na kambi kujaa, bunduki nazo zimevuka. Majambazi wanapora mchana kweupe. "Umechagua wakati mbaya, dada yangu Daktari."

Sikuchagua. Chuo kimenipa likizo ya miezi mitatu nimalize makala ya wataalamu wanaoandaa mkataba wa kuifanya Afrika isiwe na silaha za nyuklia. Sehemu yangu ni uhakiki: utajuaje kwamba aliyesema hana bomu kweli hana? Miaka ishirini nafundisha habari za mabomu ambayo sijawahi kuyaona kwa macho. Dar es Salaam kuna joto na wanafunzi. Huku kuna baridi na mama yangu, Celestina, ambaye miguu imemkatalia na aliponiona tu akasema nimekuja kumtazama akifa. Nikamwambia kwa ulimi ule atanizika mimi.

Jumanne, 28 Februari

Wameniletea watoto watatu wenye homa. Nikaeleza kwamba mimi ni daktari wa vitabu. Mama mmoja akaniuliza kama vitabu navyo vinaumwa, akaondoka kanuna.

Alhamisi, 2 Machi

Mvua bado. Nimeandika kurasa nne juu ya Iraki, jinsi wakaguzi walivyokuwa wakipita miaka yote kwenye majengo yaliyotangazwa, wanapewa chai, wanatia saini, na kazi yenyewe inafanyika jengo la jirani ambalo hakuna aliyeomba kulifungua. Nimeandika kwa ukali na nimeupenda ukali wangu.

Jioni alikuja Mzee Mbonimpa, amemletea Mama maziwa. Ametoka Rwanda mwaka wa sitini na mbili, wakati mimi nina miaka kumi. Alilima shamba letu kama kibarua mpaka baba akampa kipande chake kule mlimani, na sasa ziko familia saba huko, wote wa asili moja, wote wana migomba na kahawa yao. Baba alipokufa ndiye aliyechimba kaburi, Projest akiwa jeshini na mimi nikiwa ng'ambo nasoma. Anapiga magoti kumsalimia Mama. Mimi namwamkia shikamoo na yeye anaitikia kwa aibu, eti mtu mwenye digrii haamkii.

"Hali yenu mlimani?" nikamuuliza.

"Tupo, Daktari. Ila siku hizi watu wanatuhesabu."

Jumamosi, 11 Machi

Leo nimeona watu ninaowajua wakiua. Nitaandika yote.

Asubuhi karatasi za taipureta ziliniishia. Nikamtuma Anastazi, kibarua wa Mbonimpa, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akachukua baiskeli kwenda Omurushaka.

Saa tisa risasi zikalia mashine ya kusaga. Wanaume watatu wenye makoti ya mvua walimpiga risasi Methodius, mwenye mashine, shingoni, wakachukua redio yake na magunia ya unga, wakaingia msituni. Mkewe, Eustadia, akapiga yowe. Kwetu yowe lina sheria yake tangu mababu: likipigwa, kila mwanamume anatoka na silaha anakimbilia linakotoka. Asiyefika ana hatia. Anayechelewa aeleze alikuwa wapi, na aeleze vizuri. Nilikimbia na mimi. Methodius alikuwa amelala kwenye unga, na unga ulikuwa unakunywa damu, unavimba.

Projest akapanda juu ya gunia akaanza kuwahesabu watu. Wa bondeni kwetu wapo. Wa mlimani, mmoja mmoja kwa jina, wapo. Hayupo Anastazi.

Akatokea baada ya nusu saa, anakokota baiskeli, pancha, pakiti ya karatasi kwapani. Watu wakamzunguka. "Ulikuwa wapi?" Akatabasamu, maskini, alidhani wanamtania. Akasema, "Daktari ametuma." Nikapiga kelele, "Nimemtuma mimi! Mimi! Tazameni karatasi!" Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Naapa walinisikia. Eustadia alikuwa wa kwanza, na mchi wa kutwangia, wa pili sikumwona kwa sababu wote walikuwa wa pili. Mbonimpa alishikwa na watu wake watatu asiingie, wakimziba mdomo. Haikuchukua muda. Mtu anakufa haraka kuliko unavyofikiri, na sauti yake ni kama ya kuvunja kuni.

Projest hakumgusa. Alikunja mikono, akaangalia. Nilimfuata nikamzaba kofi mbele ya kitongoji kizima. Akasema, "Rudi nyumbani, Placidia. Wewe ni mgeni."

Jumapili, 12 Machi

Tumezika wawili. Kwa Methodius watu mia mbili, kwa Anastazi tisa. Mbonimpa ameniletea pakiti ya karatasi, ameifuta kwa kitambaa. "Mali yako, Daktari."

Jumatano, 15 Machi

Mvua imeanza. Watu wanapaswa kupanda maharage, lakini mhunzi hana nafasi ya jembe, ananoa mikuki. Projest anasema wa mlimani wanachonga mishale. Nikapanda mlimani na matope yangu mpaka magotini, ni kweli wanachonga mishale, na wanasema ni kwa sababu bondeni wananoa mikuki. Mchezo huu naufundisha muhula wa kwanza, nachora ubaoni mataifa mawili makubwa na mishale inayokwenda na kurudi. Wanafunzi huwa wanacheka.

Ijumaa, 17 Machi

Kisimani. Costansia, mke wa Projest, kampiga Anonciata binti wa Mbonimpa kwa ndoo ya bati, kampasua juu ya jicho. Binti hakulia. Aliokota ndoo akamrudishia Costansia kwa nguvu ileile, meno mawili yakatoka na mdomo ukapasuka. Nimewashona wote wawili kwa uzi wa nguo, maana udaktari wangu sasa umekubalika kwa lazima.

Jumapili, 19 Machi

Baada ya ibada katekista Polikarpi alinifuata nje ya kigango. Ni mtu mwembamba, anaongea taratibu mpaka unataka kumsukuma. "Placidia, wewe serikali imekusomesha kuzuia watu wenye silaha wasiuane. Sasa sisi tuna silaha na tutauana. Unangoja nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba mambo hayo ni tofauti, kwamba kuna nadharia. Nikaona aibu.

Tulikaa kuanzia saa sita hadi saa kumi na mbili, Projest na wazee wa bondeni upande mmoja, Mbonimpa na wenzake upande mwingine, mvua inapiga mabati tunapiga kelele kuliko mvua. Mzee mmoja alimrushia Mbonimpa kigoda. Kijiti cha mshale kilitoka ndani ya koti la mtu. Lakini tulitoka na maneno, na nimeyaandika kwenye karatasi zile za Anastazi, maana sina nyingine. Mikuki, pinde, mishale, magobori na bunduki yoyote vinakwenda stoo ya kigango. Panga linabaki, nani atapalilia kwa vidole? Mlango wa stoo utakuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Projest na mwingine kwa Mbonimpa. Majambazi wakija, wote wawili wanafungua kwa pamoja mbele yangu, na watu wote wanatoka kupigana upande mmoja. Kila nyumba itakaguliwa.

Mbonimpa alikuwa wa mwisho kutia dole gumba. Aliniangalia. "Nikitoa upinde wangu, Daktari, nani atanilinda?"

Nikasema, "Mimi."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema neno hilo.

Jumamosi, 25 Machi

Siku ya kukabidhi. Mikuki themanini na mbili, pinde kumi na tisa, magobori manne ambayo mawili yangemuua mpigaji mwenyewe. Projest alileta mkuki wa baba. Nilimuuliza mbele ya watu, "Na bunduki? Wewe ulikuwa jeshini." Akacheka. "Jeshi lilihesabu bunduki zake, dada. Halikuniachia hata mkanda." Watu wakacheka naye. Nikacheka.

Alhamisi, 30 Machi

Tumemaliza ukaguzi, siku nne, nyumba hamsini na moja. Wazo la wakaguzi wanawake lilikuwa langu na najipongeza. Mwanamume haingii chumba cha kulala cha mwenzake bila ngumi, mwanamke anaingia. Basi tulikwenda mimi kwa niaba ya bondeni na Nyirabahire, mke wa Mbonimpa, kwa niaba ya mlimani. Ni mama mkavu, hacheki, haongei bure, macho yake yanaona sindano gizani. Tulipekua darini, chini ya vitanda, kwenye vihenge, mazizini, hata jeneza ambalo mzee mmoja alijinunulia mapema tulilifungua. Tulipata mikuki mitano zaidi na mke wa mtu kwa jirani. Kwetu pia tulipekua, na Nyirabahire hakunionea haya, alimgeuza Mama kitandani kama gunia. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu nije.

Nimetia saini. Nyirabahire ametia dole.

Jumapili, 9 Aprili

Matawi. Wa mlimani na wa bondeni wamekaa mabenchi yaleyale. Sitaki kujisifu, ila najisifu.

Jumatano, 12 Aprili

Mvua. Makala kurasa thelathini. Nimeeleza mfano wa Afrika Kusini, waliounda mabomu sita na kuyafumua wenyewe kisha wakafungua milango, na nimeandika hivi: "Ukaguzi hufaulu pale mkaguzi anapoijua nyumba kama mwenye nyumba." Sentensi nzuri sana. Nimeisoma kwa sauti, Mama akaniuliza nagombana na nani.

Alhamisi, 20 Aprili

Mzee Mbonimpa amenialika. Jumapili ya tarehe thelathini wanakuja posa ya Anonciata, mchumba anatoka Bweranyange. Leo amefukia ndizi za pombe ya rubisi kwenye shimo, akawasha moto wa majani, akafunika. Zitaiva, atakanyaga, atakoroga mtama, Jumapili hiyo tutakunywa. "Uje ukae mbele, Daktari. Bila wewe binti yangu angekuwa anakimbia msituni saa hizi." Nimewahi kupata tuzo ng'ambo, yenye kioo na maandishi ya dhahabu. Haikunipa furaha hii.

Jumamosi, 22 Aprili

Wamemuua Mbonimpa.

Nimeandika hayo nikaenda kumlisha Mama, nikarudi. Naendelea.

Saa sita mchana majambazi waliingia dukani kwa Kaijage. Wanne safari hii. Walimpiga risasi ya tumbo, wakambeba mkewe, wakamtupa mbele kidogo akiwa hai. Yowe likapigwa. Nilifika kigangoni wakati Projest tayari amefungua kufuli yake, imening'inia, na watu wanapiga mlango kwa mateke. "Mbonimpa yuko wapi? Mbonimpa na ufunguo wake yuko wapi?" Polikarpi akasema mpeni muda, mlimani ni mbali na njia ni utelezi. Wakamsukuma akaanguka kwenye mfereji.

Kufuli ya Mbonimpa nilinunua mwenyewe Omurushaka, ingevunjika kwa jiwe moja la ukubwa wa ngumi. Mawe yalikuwa yamejaa pale. Watu mia na kitu, na hakuna aliyeinama kuokota jiwe. Hapo nilijua hawatafuti mikuki.

Nilipogeuka, Projest hakuwepo. Nilimwona anakimbia kwenda nyumbani, si mlimani. Nikasema moyoni kaenda kumwangalia Mama. Mungu anisamehe ujinga wangu.

Mbonimpa tulikutana naye katikati ya kilima, anashuka haraka kama miaka yake ilivyomruhusu, mikono mitupu, ufunguo kauning'iniza shingoni pamoja na rozari. Alikuwa anakuja. Nataka mtu yeyote atakayesoma hapa alijue hilo, alikuwa anakuja. Nyirabahire alikuwa nyuma yake. Watu wakamzunguka, nikapenya nikasimama mbele yake, nikatandaza mikono kama kuku.

Kisha watu wakapisha, na Projest akapita. Alikuwa na bunduki ya jeshi. Mikono yake hadi kwenye viwiko ilikuwa na rojo la ndizi mbivu, na bunduki nayo, na harufu ilikuwa tamu, harufu ya sherehe.

"Ufunguo," akasema.

Mbonimpa aliiangalia ile bunduki. Hakuonekana kuogopa, alionekana kama mtu aliyekuta ng'ombe wa jirani shambani mwake. "Mwenyekiti, tulikubaliana tufungue wote wawili, Daktari akiwepo. Daktari yupo. Twende."

"Nipe ufunguo."

"Twende pamoja, mwanangu. Hiyo nayo mahali pake ni stoo."

Projest alinishika nywele akanivuta pembeni, nikaanguka. Risasi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilimkalisha Mbonimpa chini, kwa adabu kabisa, kama alivyokuwa anakaa kwa Mama. Nyingine zilikuwa za nini? Alikuwa ameshakaa.

Baada ya hapo yalikuwa mapanga, yale tuliyoyaacha kwa ajili ya palizi. Nyumba mbili za mlimani zimeteketea, mvua ikaokoa tano. Watu wa mlimani wamekimbilia kwa mapadri. Nyirabahire alikaa na maiti njiani mpaka Polikarpi na mimi tukaja na machela. Alikuwa ameutoa ule ufunguo shingoni. Akanipa.

Jumatatu, 24 Aprili

Polisi wamekuja, sajini mmoja na askari wawili, wageni wa huku. Kila aliyeulizwa kasema majambazi. Kaijage amekufa, mkewe haongei, basi risasi zote ni za majambazi, hata zile tatu.

Sajini akaniuliza mimi, kwa heshima, kalamu mkononi. "Daktari, nasikia ulikagua silaha. Ilikuwepo bunduki kitongojini?"

Mama alikuwa kitandani nyuma yangu. Mkono wake ulitoka chini ya blanketi ukanishika kanga. Alininong'oneza kwa Kinyambo chetu, "Nimebaki na wawili tu."

Nikasema, "Tulikagua nyumba zote. Nilipoanguka sikuona vizuri."

Nimesema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Jumanne, 25 Aprili

Sikula. Nimekuwa najiuliza ilitoka wapi, na jibu lilikuwa puani mwangu tangu Jumamosi.

Shimo la rubisi. Kila boma lina shimo la kuivishia ndizi, nyuma ya nyumba, na kwetu mwanamke haligusi. Akiligusa, pombe inagoma, haichachi. Nimefundishwa hivyo kabla sijafundishwa kusoma. Siku nne mimi na Nyirabahire tulipekua hata jeneza, na katika nyumba hamsini na moja tuliyazunguka mashimo hamsini na moja, mimi na digrii zangu tatu, tukiinua kanga zisiguse majani, wala hatukusemezana. Tungekubaliana kuyaacha, ningesema lilikuwa kosa. Hatukuyaona kabisa. Na mimi ndiye niliyesema wakaguzi wawe wanawake. Projest alipiga makofi niliposema hivyo.

Nimetafuta ile sentensi yangu nzuri nikaichana.

Jumatano, 26 Aprili

Saa nne asubuhi nilikwenda nyuma ya nyumba nikaanza kuondoa magogo. Costansia akatoka na mapengo yake. "Weee! Shimo hilo! Maawe, mama yangu, mwanamke gani wewe? Pombe itagoma!"

"Igome," nikasema.

Akanirukia. Nilimpiga kiwiko cha mdomo, na sijuti, na najuta. Nikatoa majani. Joto likanipiga usoni. Nikaingiza mikono hadi mabegani kwenye ndizi, nikaisikia bunduki, ngumu, imerudishwa palepale, imeviringishwa gunia la mbolea. Mama alikuwa anapiga kelele ndani, anaita jina la baba.

Niliibeba mikononi wazi, bila kuifunika, nikashika njia ya Omurushaka mchana watu wakiona. Walifunga milango. Projest alinikuta bondeni, na panga.

"Nipe."

"Niue kwanza. Umeshazoea."

Akanifuata, hatua kumi nyuma yangu, nazisikia ndala zake kwenye matope. Shingo yangu yote ilikuwa inangoja. Tulipofika pale mashine ya kusaga, pale walipomuua Anastazi, zile ndala zikanyamaza. "Mama atakufa kwa ajili yako," akasema kwa nyuma. Sauti ilikuwa ya kaka yangu wa utotoni, aliyekuwa ananibeba mgongoni kuvuka mto. Nililia, lakini sikugeuka.

Sajini aliandika kwa muda mrefu. "Juzi ulisema hukuona."

"Juzi nilisema uongo. Andika na hilo."

Ijumaa, 28 Aprili

Wamemchukua Projest. Alikuwa amekaa mlangoni, ameoga, amevaa shati la vita. Hakuniangalia. Mama haongei na mimi. Namlisha uji, anaumeza akiwa amefumba macho.

Makala sijaituma.

Ijumaa, 12 Mei

Redio imetangaza asubuhi kwamba mataifa yamekubaliana ule mkataba mkubwa wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia udumu bila kikomo. Wajumbe walipiga makofi, makofi yalisikika hadi Nyakatoma. Nilikuwa nafua mashuka ya Mama.

Saa tatu mtu akabisha hodi. Nyirabahire. Amerudi kutoka kwa mapadri kuokota kilichobaki. Nilianguka magotini, nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga wiki mbili, kwamba nilimwahidi mumewe, kwamba nimempeleka kaka yangu polisi. Akanisikiliza hadi mwisho. Hakuninyanyua wala hakunisukuma.

"Na mashimo mengine?" akauliza.

Tulikwenda. Polikarpi alitutangulia na kengele ya kigango ili watu wajue. Hakuna aliyetuzuia. Eustadia alitutemea mate, yakampata Nyirabahire kwenye bega, akayafuta kwa jani la mgomba na kuendelea na kazi. Tulifungua mashimo ya bondeni arobaini na manne. Tulitoa mikuki kumi na mitatu, gobori moja, na bastola ya Kaijage iliyoshika kutu, maskini, hata yeye. Tukapanda mlimani. Katika mashimo sita ya huko tukakuta podo moja la mishale, kwa yule mzee aliyekuwa na mshale ndani ya koti siku ya kikao. Nyirabahire alilibeba yeye mwenyewe na kuliweka pamoja na vingine, huku mwenye nalo akiangalia chini.

Jua lilikuwa linaelekea magharibi. Nikasema imetosha, twende tukafunge stoo. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yake isiyo na paa.

"Bado letu."

"Mama Anonciata, si lazima. Hakuna anayelidai hilo."

"Karatasi yako ilisema kila nyumba."

Basi tukainama wawili, tukaondoa udongo na majani aliyoyapanga Mzee Mbonimpa mwenyewe ile Alhamisi, kwa utaratibu, ncha zote zikielekea upande mmoja. Nyirabahire aliingiza mikono kwanza, kisha mimi. Tulitafuta hadi chini kabisa, tukasugua udongo kwa kucha.

Zilikuwemo ndizi za posa ya Anonciata. Zilikuwa zimeoza zote.

Nilichukua karatasi nikaandika: kwa Mbonimpa, hakuna silaha. Nikatia saini, naye akatia dole.